Jinsi ya kumpima mfungaji wa dakika za lala salama

Shemeji yangu ni fundi gari, na kwake klachi ni mbili: ya kukanyaga, na ya Kobe Bryant, aliyekuwa nyota wa mpira wa kikapu wa Lakers, maana kwenye kikapu "clutch" ni kufunga mwishoni mechi ikiwa imebana. Mwamshe usiku wa manane umuulize sekunde tano zimebaki mpira apewe nani, atakujibu Kobe kabla hajafumbua macho. Mimi nafundisha hesabu kidato cha tatu. Fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwetu mara nyingi huanza saa tisa na nusu usiku, kwa hiyo tunabishana kwa kunong'ona, watoto wamelala, chai ya tangawizi iko kwenye chupa. Huko ndiko nilikojifunzia haya ninayokuelekeza.

Anza kwa kuweka mpaka. Wa NBA wenyewe ni huu: dakika 5 za mwisho za robo ya nne, au muda wa nyongeza, tofauti ikiwa haizidi pointi 5. Kwa mpaka huo hutolewa tuzo yenye jina la Jerry West, nyota wa zamani wa Lakers, iliyoanza msimu wa 2022-23. De'Aaron Fox, wakati huo akiwa Sacramento, ndiye aliyeichukua mara ya kwanza, baada ya kuongoza ligi nzima kwa pointi 194 za muda huo. Shemeji anaukataa mpaka huu. Anasema dakika 5 unasonga ugali na kuuepua, presha ya kweli ni sekunde 10. Ana hoja, ila kila ukibana, mitupo inakupungukia. Vyovyote utakavyochagua, chagua kabla hujatazama majina. Ukishayaona, utabana na kulegeza hadi mtu wako aibuke mshindi, na hutajua kama umejidanganya.

Kisha chora jedwali. Tovuti ya takwimu ya NBA ina sehemu ya muda huo, bure. Andika mitupo aliyotupa, iliyoingia, na mingapi kati ya iliyoingia ilikuwa ya pointi tatu. Mtupo wa pointi tatu uhesabu kama mmoja na nusu: aliyetupa 10 akaingiza 4, mbili zikiwa za pointi tatu, ana 5 kwa 10, si 4. Pembeni andika asilimia yake ya mechi nzima, kwa hesabu hiyo hiyo. Usimlinganishe na jirani, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mechi nzima.

Sasa fika penye kazi. Tuseme mchezaji wako huingiza 46 kwa 100 siku zote, na dakika za lala salama kaingiza 40 kati ya 75, yaani 53. (Hapa nimeacha ile nusu ya pointi tatu ili hesabu isituchoshe.) Shemeji angeshapiga meza. Wewe chukua kikokotoo: 0.46 mara 0.54, gawanya kwa 75, tafuta kipeuo cha pili. Utapata kama 0.058. Hicho ndicho kiasi cha kuyumba, karibu 6 kwa 100. Bahati peke yake huweza kumsukuma mtu mara mbili ya hapo, juu au chini, bila uwezo wake kubadilika hata chembe. Kwa hiyo 46 inaweza kuonekana kama 35 au kama 57. Hiyo 53 yako imekaa humo humo ndani.

Ukiona namzungusha mtu kwa kikokotoo, fanya nilivyomfanyia shemeji. Tia kwenye mfuko punje 45 za maharage mekundu na 55 za njano, zinazolingana ukubwa. Nyekundu ni mtupo ulioingia, njano ni uliokosa. Chomoa moja bila kutazama, andika rangi, irudishe, tikisa. Mara 50, huyo ni mchezaji mmoja. Fanya wachezaji kumi. Usishangae mmoja akimaliza na 56 kwa 100 na mwingine 34, na wote wametoka mfuko mmoja. Shemeji alifika mchezaji wa nne akasema maharage yanatosha, yapikwe.

Tumpime Kobe basi. Mwaka 2011 ESPN, kituo cha michezo cha Marekani, walichapisha hesabu ya mitupo yake ya sekunde 24 za mwisho, Lakers wakiwa sare au nyuma kwa pointi 1 au 2. Tangu aingie ligi mwaka 1996 alikuwa ametupa 115, zikaingia 36. Hiyo ni asilimia 31, na ligi nzima katika hali hiyo ilikuwa karibu 30. Kiasi cha kuyumba kwa mitupo 115 ni kama 4, mara mbili ni 8 na kitu. Hesabu haimwiti bingwa wa sekunde hizo, wala haimkatalii. Inasema miaka 15 ya Kobe haikutosha kuamua. Nilipomwonyesha, shemeji alikaa kimya kisha akasema, "Mwalimu, hizo 79 alizokosa wewe ulitaka atupe nani?"

Na hapo kanishika. Mtupo wa mwisho si sawa na wa robo ya pili. Mabeki wawili wamemvaa, saa inaisha, uwanja mzima unajua nani anatupa. Asilimia ikishuka, huwezi kusema moyo wake ndio umeshuka. Kawhi Leonard wa Toronto, 12 Mei 2019, mechi ya saba, ya kuamua, dhidi ya Philadelphia: alitupa kutoka pembeni, Joel Embiid wa Philadelphia amemnyanyukia mkono, mpira ukadunda juu ya ringi mara nne ndipo ukaingia, Toronto wakashinda 92-90. Ungedundia nje, mkono ungekuwa ule ule, na sisi tungeandika sifuri.

Ndiyo maana nakushauri upime mitupo huru, ile anayopewa mtu akichezewa faulo. Umbali haubadiliki, beki hayupo, kilichobaki ni mtu na presha yake. Nick Anderson wa Orlando alikosa minne mfululizo mechi ya kwanza ya fainali za 1995, sekunde za mwisho, na Houston wakaishinda mechi. Anayeingiza 70 kwa 100 hukosa minne mfululizo chini ya mara moja kwa mia. Kwa ligi yenye mechi zaidi ya elfu kila msimu, lazima imkute mtu. Lakini msimu wa 1996-97 Anderson aliingiza kama 40 tu kwa 100. Hapo maharage yangu hayanisaidii, na shemeji analijua jina hilo kuliko la mjomba wake.

La mwisho ni kutabiri. Uwezo wa kweli hurudi mwaka unaofuata, bahati hairudi kwa ahadi. Mwezi Oktoba, ligi haijaanza, andika majina matano unayoamini yatazidi asilimia zao za kawaida, ufunge. Chukua pia matano kwa kura. Aprili fungua yote mawili uyalinganishe. Bahasha ya shemeji iko juu ya kabati la vyombo, ameipaka gundi ya matairi ili nisiichungulie.