Kaktasi ya theluji kwenye joto la Malindi: navyoipanda mimi

Majirani huniuliza hii kaktasi yaishi vipi huku kwetu, na asili yake ni milima ya kusini magharibi ya Marekani mpaka Mexico, theluji yaifunika na haifi. Jina lake Echinocereus triglochidiatus, jimbo la Colorado waliifanya kaktasi yao rasmi mwaka 2014. Huanza shina moja, halafu yanazaana pembeni mpaka inakuwa kama mto wa kulalia wenye miba, zile kubwa kule zina mashina mamia.

Mbili zangu zilioza kabla sijaelewa. Kilichoziua si jua, ni maji kukaa kwenye mizizi na usiku wetu hauna baridi.

Anza na chungu cha udongo, kipana, chenye tundu, plastiki achana nayo. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi. Chukua mchanga wa mto Sabaki, uchekeche, ule laini umwage ubaki na chenga, changanya chenga na kokoto ndogo mafungu matatu kwa fungu moja la mboji. Mwagia kikombe cha maji, yakituama juu hata kidogo ongeza kokoto, hapa usione uvivu.

Ukinunua mche kung'uta ule udongo mweusi wote, muuzaji aliniambia nimwagilie kila siku na ndo ya kwanza ikaenda. Acha mizizi ikauke kivulini siku tatu nne, panda, zungushia vijiwe shingoni, wiki nzima usitie maji.

Jua la asubuhi lataka, saa sita weka wavu, na upepo upite. Masika iingie barazani kabisa, mbali na matone ya makuti. Kumwagilia, choma kijiti cha mshikaki mpaka chini, kikitoka na mchanga umegandia subiri.

Maua mekundu yangu haijatoa bado, yataka miezi ya baridi kavu ambayo hatuna, mimi naipenda hivyo hivyo.

Kila Ijumaa naikagua chini. Ukiona shina limekuwa kahawia na ukibonyeza kwa mgongo wa kijiko linabonyea kama ndizi iliyoiva sana, usingoje kesho, kata kwa kisu ulichofuta na spiriti, endelea kukata juu mpaka ndani pawe safi pasiwe na hata duara dogo la kahawia, kisha kipande kikae kivulini siku kumi kidonda kikauke ndo ukipande upya.