SOMO: Mtoto amevimba mwili, nianzie wapi? (Kwa wanafunzi wa udaktari walio wodi ya watoto)

Wakuu, kila kundi jipya likiingia wodini swali ni lile lile: "Mtoto kavimba uso na miguu, mkojo una protini, nimwandikie furosemaidi ngapi?" Furosemaidi ni dawa ya kutoa maji kupitia mkojo. Swali hilo nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo naliweka lote hapa. Ukiniuliza tena nitakuelekeza kwenye namba ya hatua.

Somo linamhusu mtoto wa mwaka 1 hadi 12 aliyevimba na unayeshuku figo zake. Dawa inaamuliwa na daktari uliye naye zamu. Kazi yako ni kumpelekea vipimo na hoja ambazo anaweza kuzitegemea.

Hatua ya 1. Maelezo ya mzazi. Uvimbe ulianza lini na wapi (wa nefrotiki, yaani figo kuvujisha protini, mara nyingi huanza kope asubuhi, jioni unashuka miguuni), mkojo una rangi gani, mara ya mwisho kukojoa ni lini, anatapika au anaharisha, anatumia dawa gani. Uliza pia koo na vidonda vya ngozi. Nefritisi (vichujio vya figo kushambuliwa) inayofuata bakteria wa streptokoki huja wiki 1 hadi 2 baada ya koo, lakini wiki 3 hadi 6 baada ya ngozi. Ukiuliza juu ya wiki iliyopita tu, kidonda cha mwezi uliopita hutakisikia.

Hatua ya 2. Uzito na urefu. Pima vyote viwili, leo, wewe mwenyewe.

Hatua ya 3. Presha. Mkono wa kulia, mtoto ametulia dakika 3 hadi 5, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uwe na upana usiopungua 40% ya mzingo huo, na urefu wa 80 hadi 100% yake. Mkanda mdogo unapandisha namba kwa uongo, na mtoto aliyevimba mkono anahitaji mkanda mkubwa kuliko umri wake unavyokuambia. Mashine ikisoma juu, rudia kwa stetoskopu. Kisha linganisha na jedwali la umri, jinsia na urefu: persentaili ya 95 (kiwango ambacho watoto 95 kati ya 100 wako chini yake) na kuendelea ni presha ya juu. Kuandika "110/75, kawaida" kwa mtoto wa miaka 3 ni kusoma kwa macho ya mtu mzima.

Hatua ya 4. Kijiti cha mkojo. Mkojo wa asubuhi ya kwanza ndio bora. Chovya, kung'uta, soma kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa (protini kwa kawaida sekunde 60). Funga kichupa papo hapo, maana unyevu unaharibu vijiti vyote vilivyobaki. Mkojo wenye alkali nyingi, mkojo mzito sana, au mabaki ya klorheksidini kwenye chombo hutoa protini ya uongo. Mkojo mwepesi sana huificha. Kijiti kikionyesha damu, peleka mkojo kwenye hadubini, kwa sababu hemoglobini na mayoglobini nazo hugeuza rangi hata kama hakuna chembe nyekundu.

Hatua ya 5. Panga mtoto kwenye kundi. Nefrotiki ni protini 3+ au zaidi (au uwiano wa protini na kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, wa mg 200 kwa mmol na zaidi), albumini (protini kuu ya damu) chini ya g 30 kwa lita, na uvimbe. Nefritiki ni damu kwenye mkojo, presha juu, mkojo kupungua, na kreatinini kupanda. Wapo watoto wenye sura zote mbili, na hao usiwalazimishe kuingia kundi moja. Albumini ikiwa chini lakini mkojo hauna protini, achana na figo: fikiria utapiamlo, ini, au protini kupotelea kwenye utumbo.

Hatua ya 6. Ndani ya mishipa kuna maji au hakuna? Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Uvimbe unakuonyesha maji yaliyo nje ya mishipa. Haukuambii chochote kuhusu yaliyo ndani. Mtoto wa nefrotiki anaweza kuwa na lita mbili za maji tumboni na miguuni huku damu inayozunguka ikiwa pungufu. Ukimpa huyo furosemaidi, unakamua kile kidogo kilichobaki: figo zinakosa damu, kreatinini inapanda, na damu nzito inaganda kwenye mishipa.

Dalili za mishipa kuwa mitupu: mapigo ya moyo ya kasi, mikono na miguu ya baridi, kidole ukikibonyeza rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, maumivu ya tumbo, kizunguzungu akisimama, mkojo mchache, hemoglobini iliyopanda kuliko ya jana bila sababu.

Dalili za mishipa kujaa: presha ya juu, mshipa wa shingo uliotuna, ini lililokua, sauti ya tatu ya moyo, milio ya maji kwenye mapafu, moyo mpana kwenye eksirei. Mtoto wa nefritiki kwa kawaida yuko upande huu, na kwake furosemaidi pamoja na kubana maji na chumvi ndiyo tiba yenyewe.

Ukibaki njia panda, pima sodiamu na kreatinini za mkojo na za damu kwa wakati mmoja. Zidisha sodiamu ya mkojo kwa kreatinini ya damu, gawanya jibu hilo kwa (sodiamu ya damu × kreatinini ya mkojo), kisha zidisha kwa 100. Chini ya 0.2% inaelekeza kwenye mishipa mitupu.

Tahadhari nne:
– Mkojo huo uchukuliwe KABLA ya furosemaidi. Baada yake jibu halina maana.
– Presha ya kawaida, au hata ya juu kidogo, haiondoi uwezekano wa mishipa mitupu.
– Maumivu ya tumbo kwa mtoto wa nefrotiki yana maelezo mawili ya haraka: damu pungufu, au peritonitisi ya bakteria (maambukizi ya utando wa tumbo, mara nyingi nimokoki). Homa inaweza isiwepo, hasa akiwa kwenye steroidi. Mshike tumbo mwenyewe.
– Usichome mshipa wa kinenani kutafuta damu. Mtoto huyu yuko tayari kugandisha.

Albumini ya 20% haitibu ugonjwa. Nyingi inakuwa imetoka kwenye mkojo ndani ya siku moja au mbili. Inatumika kwa uvimbe mkali wenye mishipa mitupu: g 0.5 hadi 1 kwa kilo (yaani ml 2.5 hadi 5 kwa kilo) kwa saa 4, na furosemaidi mg 1 kwa kilo katikati au mwishoni, huku ukipima mapigo, presha na upumuaji kila nusu saa. Ukimpa mtoto ambaye mishipa imeshajaa, maji yanakwenda mapafuni.

Hatua ya 7. Kreatinini. Usisome kiwango cha kawaida kilichochapwa na maabara, mara nyingi ni cha watu wazima. Tumia fomula ya Schwartz ya 2009: 36.5 × urefu kwa sentimita ÷ kreatinini kwa µmol/L. Mtoto wa sm 100 mwenye kreatinini 80 anapata takriban 46 ml kwa dakika kwa 1.73 m². Karatasi ya maabara itasema "kawaida", kumbe figo zinachuja nusu tu. Fomula hii inafaa kreatinini ikiwa imetulia. Ikiwa inapanda kila siku, angalia mwendo wake na wingi wa mkojo.

Hatua ya 8. Dozi ya steroidi kwa mtoto wa nefrotiki. Prednisoloni mg 60 kwa mita ya mraba kwa siku (isizidi mg 60), mara moja asubuhi, wiki 4 au 6. Kisha mg 40 kwa mita ya mraba siku moja ndiyo moja hapana (isizidi mg 40), wiki 4 au 6. Eneo la mwili: kipeuo cha pili cha (urefu sm × uzito kg ÷ 3600). Uzito uwe wa kabla ya kuvimba. Kama haujulikani, tumia uzito wa wastani kwa urefu wake kwenye chati. Mfano: sm 100, kilo 16 kabla ya kuvimba, eneo ni 0.67, dozi mg 40. Ukitumia kilo 20 za leo unapata karibu mg 45.

Hatua ya 9. Wa kumpigia simu bingwa wa figo bila kungoja. Umri chini ya mwaka 1 au zaidi ya 12, mkojo mwekundu wa kuonekana kwa macho, presha ya juu isiyoshuka, C3 (protini ya kinga kwenye damu) ya chini, kreatinini ya juu ambayo haielezwi na mishipa mitupu, upele au viungo kuuma, au protini isiyoondoka baada ya wiki 4 za dozi kamili.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Zamu_ya_Usiku: Asante mkuu. Sasa mtoto wa miaka minne furosemaidi ngapi?

Mtoa mada: Hatua ya 6. Umri wake haunisaidii. Niletee mapigo, ubaridi wa miguu, presha na uzito.

Zamu_ya_Usiku: Sina presha, mkanda wa watoto ulikuwa wodi nyingine.

Mtoa mada: Kaufuate.

Mwanafunzi_Mwaka4: Dokta, umesema presha inaweza kuwa juu na mishipa ni mitupu. Sijaelewa inawezekanaje.

Mtoa mada: Swali zuri sana. Damu ikipungua, figo zinamwaga renini, angiotensini inaongezeka, mishipa inabana kwa nguvu. Kwa mtoto mwenye moyo mzima, mbano huo unaweza kushikilia presha, na wakati mwingine kuipitisha kiwango, huku vidole vikiwa baridi kwa sababu damu haifiki. Ndiyo maana presha inasomwa pamoja na miguu na mapigo. Ukitaka kuona aldosteroni (homoni inayoshikilia chumvi) ikifanya kazi, chukua potasiamu ya mkojo, gawanya kwa jumla ya potasiamu na sodiamu ya mkojo huo huo. Ikizidi 60% pamoja na ile 0.2% niliyoitaja, mwili unang'ang'ania chumvi kwa sababu damu ni pungufu.

Kalamu_Nyekundu: Mbona kwetu wodini wote wanapewa furosemaidi na wanapungua vizuri?

Mtoa mada: Sijaandika popote kwamba imekatazwa. Nimeandika upime kwanza. Wengi wao mishipa yao haikuwa mitupu, ndiyo maana walivumilia. Anayeumia ni yule ambaye hukumtofautisha, na siku hiyo kuganda kwa damu kwenye mshipa wa figo au wa ubongo hakutakuja na maandishi kwamba kulianzia kwenye sindano yako. Soma upya nilichoandika kabla ya kunipinga.

Zuhura_wa_Wodi: Wiki 4+4 au 6+6, nichague ipi? Na kuna wanaoongeza hadi miezi mitano wakitumaini ugonjwa hautarudi.

Mtoa mada: Dada, zote mbili zinakubalika, fuata mwongozo wa hospitali yako. Kurefusha zaidi ya hapo hakujalipa: jaribio la Uingereza lililochapishwa 2019 lililinganisha wiki 16 na wiki 8, na ugonjwa haukuchelewa kurudi. Ukirudi, unatoa mg 60 kwa mita ya mraba hadi mkojo uwe safi siku 3 mfululizo, kisha mg 40 siku moja ndiyo moja hapana kwa wiki 4. Na kabla ya kuanza mara ya kwanza, chunguza kifua kikuu na uangalie chanjo. Chanjo hai hazitolewi akiwa kwenye dozi kubwa.

Mwanafunzi_Mwaka4: Na nefritisi ya streptokoki, C3 irudi lini?

Mtoa mada: Wiki 6 hadi 8. Ikibaki chini baada ya wiki 12, haikuwa hiyo, mpeleke kwa bingwa kwa ajili ya biopsi (kipande kidogo cha figo kuchukuliwa na kupimwa). Ila usimtishe mzazi kwa damu ya hadubini pekee. Hiyo inaweza kukaa mwaka mzima na zaidi huku mtoto akiendelea vizuri.

Mkojo_Hautoki: Mtoto wa miezi 14 mkojo wa kijiti unaupataje? Nakaa na kikombe nusu saa.

Nesi_Mkongwe: Naomba nijibu mimi. Mfanye anywe au anyonye kwanza. Safisha kwa maji, kisha loweka shashi kwenye salaini baridi, msugue taratibu kwa duara juu ya kinena hadi dakika 5, mwenzako akiwa na chombo tayari. Mfuko wa kubandika unatosha kwa protini, lakini usiupeleke kwenye kuotesha bakteria, utaotesha bakteria wa ngozi.

Mtoa mada: Shikamoo, na asante. Chukueni ya huyu.

Duka_la_Vijiti: Vijiti vikiisha kabisa?

Mtoa mada: Chemsha. Jaza bomba la kioo theluthi mbili, pasha moto sehemu ya juu tu. Ukiona ukungu, tone matone 3 hadi 5 ya asidi asetiki ya 5%. Ukungu ukiondoka ni fosfati, ukibaki ni protini. Mkojo ulio na ukungu tangu mwanzo uuchuje kwanza.

Zuhura_wa_Wodi: Mzazi akiruhusiwa kwenda nyumbani nimfundishe nini?

Mtoa mada: Kijiti kila asubuhi, tarehe na matokeo kwenye daftari, pamoja na dozi ya siku hiyo. Arudi protini ikiwa 3+ siku 3 mfululizo, asingoje uvimbe. Aje siku hiyo hiyo kwa homa, maumivu ya tumbo, mguu mmoja kuvimba kuliko mwingine, au kichwa kuuma kusikoisha. Na asikatishe prednisoloni ghafla kwa sababu uso umepungua. Mwambie akueleze upya kwa maneno yake kabla hujasaini karatasi ya kumruhusu.

Zamu_ya_Usiku: Nimeupata mkanda. Mapigo 150, miguu baridi, presha 98/60, kilo 17, tumbo linamuuma, jana hemoglobini 11, leo 13.5.

Mtoa mada: Hayo ndiyo maelezo. Furosemaidi hapana. Mwite daktari wako sasa hivi, mwambie namba hizo kwa mpangilio huo huo na useme unashuku mishipa mitupu, na peritonitisi bado haijaondolewa. Andaa kanula, damu ya kuotesha, na salaini ya 0.9% ml 10 kwa kilo, ambayo kwake ni ml 170. Wakati unamsubiri, kusanya mkojo wa sodiamu.