SOMO: Kupiga breketi, dirisha lisiungue na chumba kisiwe kiza

Assalaam alaykum wadau. Juzi kuna kijana kanionesha picha za chumba cha geshti ya Mji Mkongwe, kitanda cha samadari kizuri, nakshi zote zinaonekana, lakini dirisha jeupe pee, kichochoro chote cha nje kimepotea. Akarudia kwa kupima mwanga wa dirishani, sasa nje kukaonekana mpaka mabati ya jirani ila ndani kiza totoro. Akadhani kamera mbovu. Si mbovu bwana, jua letu la saa sita na kivuli cha nyumba ya mawe haviingii kwenye picha moja, ndo mana tunapiga tatu, ya kiza, ya kati na ya mwanga, kisha tunaziunganisha. Huko ndo kupiga breketi.

Kabla ya breketi jueni kitu kimoja. Mita ya kamera (kile kipimo chake cha mwanga) haijui kanzu wala buibui, yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivujivu. Jaza fremu na kanzu nyeupe, itakupunguzia mwanga na kanzu itatoka kama imefuliwa na majivu, hapo ongeza +1 (stopu moja, yaani ngazi moja ya mwanga). Buibui ni kinyume chake, punguza -1. Mchanga wa Paje saa saba mchana nao ni kanzu tu. Mtu asielewa hili akipiga breketi anapata picha tatu mbovu badala ya moja.

Hatua 1. Kamera kwenye stendi, weka RAW (faili ghafi, kamera haijaipika), weka M (manyuo, unapanga mwenyewe). ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe 100 na ISO ya oto UIZIME, usiponisikia kuna kamera zitakuchezea ISO badala ya shata (muda wa kuingiza mwanga) na picha moja itakuja na chengachenga.

Hatua 2. Apecha (tundu la lenzi) f/8 na usiiguse tena. Ukibadilisha apecha kina cha ukali (eneo la mbele na nyuma linalotoka kali) nacho kinabadilika, picha hazilingani. Kinachobadilika ni shata peke yake. Na fokasi, ukishaipata hamisha kwenye manyuo, na waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) usiache oto.

Hatua 3. Tafuta picha ya kati. Tuseme mita imekupa shata 1/15 ya sekunde. Ingia menyu ya breketi (Canon wameandika AEB, Nikon BKT), chagua picha 3, nafasi ya stopu 2. Kamera itapiga 1/60 kwa ajili ya dirisha, 1/15 ya kati, na 1/4 kwa ajili ya uvungu wa kitanda na pembe za chumba. Kila stopu moja mwanga unazidi mara mbili au unapungua nusu, kwahivo stopu 2 ni mara nne.

Hatua 4. Zima feni! Na chandarua kifunge vizuri. Mie nilishaunganisha picha chandarua kikatoka na kivuli mara tatu kama kina jini. Weka taima ya sekunde 2, wacha zipige zenyewe, usishike kamera.

Hatua 5. Angalia ile ya kiza kwenye histogramu (grafu ya mwanga, kushoto kiza, kulia mwanga). Kama bado imegota ukuta wa kulia basi dirisha limeungua, piga 5 badala ya 3. Ile ya mwanga nayo isigote kushoto. Kuunganisha ni kazi ya dakika, programu ya Lightroom ina HDR yake (kuunganisha picha za mwanga tofauti), ila msivute slaida mpaka ukuta wa chokaa ukawa na rangi za kanga.

Na ukimaliza ZIMA BREKETI. Mimi nilitoka kupiga vyumba nikaenda moja kwa moja kwenye nikah, kuna kamera ukiizima breketi inajifuta na nyengine inabaki, yangu ilibaki. Bwana harusi anapeana mkono na kadhi, picha moja sawa, moja kiza, moja nyeupe, na mkono hawapeani mara mbili.

MASUALI

Mdau wa Wete: Kaka mie natumia simu, nafanyaje?
— Simu nyingi za sasa zinafanya hivo kimyakimya, unabonyeza mara moja yenyewe inapiga kadhaa na kuchanganya. Wewe gusa dirisha kwenye kioo kisha shusha kile kialama cha jua kidogo tu, itakutosha.

Mdau wa Fumba: JPEG haifai kabisa?
— Inafaa, ila ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Ukija kuvuta kiza JPEG inachanika mapema.

Dada wa Chake: Nimefata yote, picha tatu zangu zinafanana!
— Dada angalia nafasi, nadhani umeweka 1/3 ya stopu, macho hayaoni tofauti.

Mdau wa Nungwi: Na ngalawa magharibi, nipige breketi?
— Hapana shekhe. Tanga linakwenda, maji yanakwenda, utapata ngalawa tatu zimepandana. Pima mbingu pembeni ya jua, piga moja, ngalawa iachie iwe nyeusi. Hapo kiza ndo picha yenyewe.