Njia nyingi, vituo vingi: maswali ya SQL yasiyoilemea hifadhidata

Daladala za Dar es Salaam zinafaa sana kwa somo hili. Njia moja hupita vituo vingi, na kituo kimoja, tuseme Mwenge, hupitiwa na njia nyingi. Natumia PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayoulizwa kwa lugha ya SQL.

Hatua ya 1: jedwali la kati, linalounganisha jedwali `njia` na jedwali `vituo`

```
CREATE TABLE njia_vituo (
  njia_id int REFERENCES njia,
  kituo_id int REFERENCES vituo,
  PRIMARY KEY (njia_id, kituo_id)
);
```

Ufunguo mkuu (PRIMARY KEY) wa safu (column) mbili unazuia jozi kujirudia. Safu ya ziada ya `id` haina kazi hapa.

Hatua ya 2: faharasa (index) ya upande wa pili

```
CREATE INDEX ON njia_vituo (kituo_id, njia_id);
```

Tafadhali usiiruke. Faharasa ya ufunguo imepangwa kwa `njia_id` kwanza, kama daftari la majina lililopangwa kwa ukoo: ukimjua mtu kwa jina lake la kwanza tu, utapekua kurasa zote. PostgreSQL yenyewe haiweki faharasa kwenye ufunguo wa kigeni (foreign key, zile REFERENCES). InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, huweka. Nimekuta mifumo iliyokaa miaka bila faharasa hii, watu wakiilaumu seva.

Hatua ya 3: uliza "kipo?"

Unataka njia zinazoingia Ilala. Ukitumia JOIN (kuunganisha majedwali), njia yenye vituo vitano Ilala itatokea mara tano, kisha utaongeza DISTINCT kufuta marudio uliyoyazalisha mwenyewe. Afadhali hivi:

```
SELECT n.jina FROM njia n
WHERE EXISTS (
  SELECT 1 FROM njia_vituo nv
  JOIN vituo v ON v.id = nv.kituo_id
  WHERE nv.njia_id = n.id
    AND v.wilaya = 'Ilala');
```

Kituo kimoja kikipatikana, yatosha.

Hatua ya 4: vyote viwili

Njia zipi zinapita Mwenge (7) na Kariakoo (12)? `kituo_id = 7 AND kituo_id = 12` haitaleta kitu, maana hakuna mstari wenye vituo viwili. Hesabu:

```
SELECT njia_id FROM njia_vituo
WHERE kituo_id IN (7, 12)
GROUP BY njia_id
HAVING COUNT(*) = 2;
```

COUNT(*) inaaminika kwa sababu ya ule ufunguo wa hatua ya 1. Faharasa ya hatua ya 2 nayo ina safu zote zinazohitajika.

Hatua ya 5: pima

Tanguliza swali lako na `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`, inayoonyesha jinsi linavyotekelezwa, ukiwa na data nyingi kama ya kazini. Jedwali la mistari mia mbili likionyesha Seq Scan (kusoma jedwali zima), liache. Kulisoma lote ni rahisi kuliko kupitia faharasa. Kisha kagua programu yako: kuuliza vituo vya kila njia ndani ya kitanzi, kwa njia 200, ni maswali 201: moja la kuleta njia, kisha moja kwa kila njia. Vichukue kwa mara moja kwa `WHERE njia_id = ANY($1)`, ambapo `$1` ni orodha ya njia zote.