Bichi Mwanza mwezi Juni: fuata saa ya upepo

Masika yakishakatika, jua la Mwanza halina shida. Juni hadi Agosti mvua ni ya nadra, mchana joto huzunguka nyuzi 28, usiku hushuka hadi 16 au 17. Kinachovuruga siku ya bichi ni upepo, na upepo wa ziwani una ratiba.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani mpaka asubuhi. Jua likipanda mambo yanageuka: kuanzia kama saa 5 upepo unatoka ziwani, na kati ya saa 8 na saa 10 alasiri ndipo unapokuwa na nguvu zaidi. Kuvuka kwa boti kwenda kisiwa cha Saanane au kuogelea na watoto, maliza kabla ya saa 4 asubuhi. Hata kichocho kinafuata saa hizohizo: vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi jua likiwa kali, saa 4 hadi saa 8 mchana. Kuoga mapema kunapunguza hatari, hakuiondoi, kwa hiyo kwepa matete na gugumaji saa zote.

Utulivu wa asubuhi una mtego wake. Ukisimama nyuma ya miti na mawe unaona maji yametulia kama kioo, kumbe mita 50 mbele upepo wa nchi kavu unasukuma. Mtoto aliyekalia tyubu ya gari anapelekwa kilindini polepole, na kila anaposogea mbali ndivyo upepo unavyomzidi. Tupa jani kavu majini, hesabu hadi 30. Likiwa limekimbilia ziwani, tyubu zibaki mchangani. Likikaa palepale, funga tyubu kwa kamba ya mita 10 na ncha aishike mtu mzima mkononi. Kufunga kwenye jiwe kisha kwenda kugeuza sato jikoni hakuhesabiki.

Sasa kivuli, ambacho wengi hukikosea. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, na utosi wake kwa Mwanza ni karibu saa 7 kasoro dakika 10. Saa hiyo mti wa turubai wa mita 2 unatupa kivuli cha kama mita 1 upande wa kusini, kwa hiyo mikeka itandikwe kusini kidogo ya turubai. Alasiri jua linahamia magharibi na kuingia kwa chini. Kwenye fukwe zinazotazama magharibi, kama zile za Luchelele ndani ya Ghuba ya Mwanza, huko ndiko upepo nao unakotokea. Hivyo ukingo wa turubai wa upande wa ziwani uufunge chini, mita 1 tu, na wa nchi kavu mita 2. Upepo utapanda mteremko na kupita juu. Ukifanya kinyume, turubai linafumbua mdomo, linakuwa tanga na kung'oa miti yake. Vigingi havishiki kwenye mchanga mkavu: jaza mchanga kwenye viroba vya kilo 25, fungia kamba shingoni, vifukie nusu mita kwenda chini.

Kwenye ufukwe wa Igombe, ziwa limefunguka zaidi na mawimbi hujengeka haraka. Povu jeupe likianza kuonekana hapa na pale juu ya mawimbi, mtumbwi uliobeba watoto usitoke, hata wenye jaketi okozi. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isome asubuhi hiyohiyo, ya jana imeshapitwa.

Radi ni chache kiangazi lakini hazijafungiwa mlango. Ukiona mstari mweusi juu ya maji na upepo ukageuka ghafla kuwa wa baridi, toa watu majini. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: zikiwa chini ya 30, radi iko umbali usiofika kilomita 10. Ingieni kwenye gari au nyumba ya ukuta, wala msipande juu ya majabali. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Jioni, kabla ya kuvaana na baridi, vaeni masweta. Turubai lianze kufunguliwa upande wa nchi kavu, ule wa juu, lilale chini lenyewe. Kamba za ziwani zifunguliwe mwisho.