Ukikuta neno la Kimanobo, uliza kwanza: la wapi?

Kimanobo ni jina la familia nzima ya lugha za kisiwa cha Mindanao, kusini mwa Ufilipino, kwa hiyo unapoandika neno kwenye daftari lako andika na jamii iliyokupa. Usipofanya hivyo utachanganya matamshi ya watu wanaoishi mabonde tofauti. Majina ya jamii yenyewe yanafundisha, na mimi nayapenda sana: Matigsalug ni watu wa mto Salug, Pulangiyen ni wa mto Pulangi. Mto ndio anwani yao. Kisha shika mawili utakayoyakuta mara kwa mara: datu, kiongozi wa jamii anayesuluhisha ugomvi, na baylan, mganga anayezungumza na mizimu.