Gede, Arabuko na Mida kwa siku moja, gari la kulala likiwa kituo chako

Aliye Malindi na gari la kulala hushawishika kuzunguka Marafa, Mambrui na Watamu siku moja. Jioni anajikuta ameketi kwenye usukani kwa muda wa saa sita na miguu haijakanyaga chochote. Kutembea kwa raha kunataka gari lisimame. Gede inafaa kwa hilo: ni kama kilomita 16 kusini mwa Malindi, na magofu ya mji wake wa kale, msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida viko jirani kiasi kwamba gari husogea mara mbili tu kutwa nzima.

Usiku wa kuamkia safari angalia mwezi, maana msitu na magofu havina saa ya maji, lakini Mida inayo. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kwa wingi: hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne. Baada ya juma moja ni maji mafu, na saa hizo hugeuka: yanajaa kidogo karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Katikati, kila siku husogeza saa mbele kwa takriban dakika 50. Tena ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko baharini, kwa kuwa yanapita mlango mwembamba.

Usiku huohuo chemsha mbaazi uziunge kwa tui kabisa. Mbaazi kavu humaliza gesi, na mtungi wa kilo 6 ukiisha mchana porini, chakula kimekwisha. Zikipoa, zitie kwenye jokofu la gari, kwani tui halikawii kuchacha kwa joto la Pwani. Mahamri nunua asubuhi, yakiwa moto. Gandisha chupa mbili za maji zilisaidie jokofu, na beba lita 4 za kunywa kwa kila mtu. Funga kabati zote kwa komeo: matuta ya barabara ya Mombasa hufungua milango na kumwaga sahani.

Ondoka Malindi saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Lango la msitu liko kando ya lami, mwendo mfupi kusini mwa njia panda ya Gede. Acha gari hapo. Njia za ndani ni mchanga mweupe upande mmoja na udongo mwekundu upande mwingine. Ule wa kwanza humeza tairi za gari zito, wa pili huteleza kama sabuni mvua ikinyesha, hasa Mei. Ukilazimika kuingia mchangani, punguza upepo hadi kama psi 25, usikate kona kwa ghafla, na ujaze upya kabla ya kurudi kwenye lami. Jeki pia haifai kitu mchangani bila ubao chini yake.

Chukua mwongozaji wa hapo langoni. Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, vijia vyake vinafanana, na ndovu wamo. Mwambie waziwazi kwamba unataka mzunguko wa kilomita 4 hadi 6, taratibu. Mchangani hiyo ni saa mbili hadi tatu. Asipoambiwa, huenda akakukimbiza kutafuta bundi mdogo wa Sokoke hadi jua la utosi. Mwombe akupitishe kwenye msitu mchanganyiko kwanza, kisha kwenye msitu wa miti ya mirihi, ambako miti imeachana, mwanga unapita na ndege huonekana bila kuvunja shingo.

Mnyama wa kutafuta ni sange mwenye matako ya manjano, mkubwa karibu kama sungura mdogo, pua ndefu inayofukua majani makavu. Utamsikia kwanza: majani yanachakarishwa, yananyamaza, yanachakarishwa tena. Simama papo hapo. Akishtuka hupiga mkia chini, kisha anatoka mbio na ile rangi ya manjano ndiyo ya mwisho kuonekana. Anayeongea kwa sauti hamwoni.

Vaa viatu vya kufunika, na suruali uichomeke ndani ya soksi kwa sababu ya kupe na siafu. Champali ziache garini. Usishikeshike mimea inayotambaa pembeni ya njia. Upupu ukikugusa usijikune, futa vinyweleo kwa utepe wa gundi kwanza, ndipo uoshe.

Kufika saa nne hivi, rudi garini, uhamie maegesho ya magofu ya Gede. Hapa ndipo wengi huibiwa, na mwizi ni kima. Funga madirisha na hasa tundu la paani, ambalo watu hulisahau kwa kuwa wanataka hewa. Mkate ulioachwa mezani unatosha kumwita. Kivuli nacho kina gharama yake: paneli ya sola iliyo paani haichaji chini ya mti. Ukiwa na paneli ya kubebeka na waya wa mita 5, gari lipumzike kivulini na paneli ikae juani, mtu mmoja akiiangalia. Betri ya asidi ikisoma volti 12.1 baada ya kupumzika imebaki nusu, usiishushe zaidi.

Magofu tembea baada ya kula, kwa sababu miti yake hukinga jua. Kaburi lenye tarehe linasomeka mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Chungulia visima uone jinsi vilivyochimbwa kwenda chini sana. Usikanyage kuta, mawe ya matumbawe hulegea. Mradi wa Kipepeo, wa kufuga vipepeo, ulioanza 1993, uko hapohapo, na nusu saa yatosha. Ada nyingi za hifadhi na makumbusho siku hizi hulipwa kwa simu, basi iwe na chaji.

Saa tisa unusu nenda Mida. Siku ya bamvua utatembea juu ya daraja la mbao maji yakiingia chini ya mikoko, na ndege wa matopeni, ambao ni wengi kati ya Septemba na Aprili, wanasukumwa karibu na wewe. Siku ya maji mafu ndege wako mbali. Darubini ni lazima. Usishuke topeni peke yako: linashika mguu hadi gotini, na mizizi ya mchu (aina ya mkoko) inayochomoza hukata.

Ondoka saa kumi na mbili kasoro robo. Giza huingia haraka, na bodaboda zisizo na taa ni nyingi kati ya Gede na Malindi. Ukifika kambini suuza matairi, breki na chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, siku hiyohiyo. Tope la Mida likikauka kwenye boliti, mwezi mmoja baadaye spana haizunguki.